Rungwe si Arkadia

Mwaka 1879 kijana wa Kiskoti aitwaye Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21, aliteremka kutoka nyanda za juu akaingia katika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mkuu wa msafara, Keith Johnston, alikuwa amekwisha kufa njiani mwezi wa Juni, na mzigo wote wa safari ulikuwa umemwangukia kijana huyo. Baada ya taabu nyingi za njia aliona migomba iliyopandwa kwa mpango, nyumba zilizojengwa kwa ustadi, nyua zilizofagiliwa, ng'ombe wanono, na watu wasiokuwa na haraka. Alipotaka kuyaandika aliyoyaona alikosa jina la kutosha katika yale aliyoyazoea kwao, akalichukua katika vitabu vya shule. Nchi hiyo aliiita Arkadia.

Jina hilo limenukuliwa mara nyingi tangu hapo, na kila anukuuye hudhani kwamba anaisifu Rungwe. Wako hata wasomi waliozaliwa chini ya mlima wenyewe ambao hulirudia kwa fahari, kama mtu aonyeshaye cheti alichopewa na mkubwa. Yafaa cheti hicho kisomwe vizuri kabla ya kutundikwa ukutani.

Arkadia ilikuwa nchi ya kweli, nayo ipo hata leo katikati ya rasi ya kusini ya Uyunani. Ni nchi ya milima na baridi, yenye ardhi haba ya kulima, na katika nyakati za kale sehemu kubwa yake haikufika baharini. Mtu aliyeijua kuliko washairi wote ni Polybius, mwanahistoria, kwa kuwa alizaliwa huko katika mji wa Megalopolis. Katika kitabu cha nne cha historia yake aeleza kwamba hewa ya kwao ni ya baridi na ya kutia huzuni, na kazi za watu ni ngumu. Ndiyo sababu wahenga waliamuru kwa sheria kwamba vijana wafunzwe kuimba na kucheza mpaka umri wa miaka 30, ili tabia zilizokakamaa zipate kulainika. Mji mmoja, Kynaitha, uliacha desturi hiyo, na kwa maoni yake ndiyo maana watu wake wakazidi wote kwa ukatili. Katika habari hiyo hamna mchunga kondoo aliyejilaza kivulini na zumari. Iliyomo ni nchi maskini inayopigana na hali yake kwa akili na kwa sheria.

Wala Waarkadia hawakukaa nyumbani wakipuliza zumari. Ardhi haikuwatosha, wakauza nguvu zao. Xenophon, aliyefuatana na askari wa kukodiwa waliokwenda Uajemi mwaka 401 kabla ya Kristo, asema kwamba zaidi ya nusu ya jeshi hilo walikuwa Waarkadia na Waakaya. Vijana wa mlimani walikwenda kufa karibu na Babeli kwa ajili ya ugomvi wa wana wawili wa mfalme wa kigeni, kwa sababu ya mshahara.

Arkadia ya zumari ilitoka wapi, basi? Ilitoka kwa watu wasiokaa huko. Theocritus, baba wa mashairi ya wachungaji, aliwaweka wachungaji wake Sisilia. Virgil, Mrumi aliyezaliwa karibu na Mantua, ndiye aliyewahamishia Arkadia, yapata miaka 40 kabla ya Kristo. Wayunani wenzao walikuwa na maneno mengine juu ya Waarkadia: kwamba hula matunda ya mialoni kama nguruwe, na kwamba juu ya mlima Lykaion hutoa kafara ambayo Pausanias, alipofika huko katika karne ya pili baada ya Kristo, alikataa kuichunguza. Mlimani, watu wa pwani na mijini waliona ama paradiso ama ushenzi, wala hawakuona kijiji chenye ada ya kulipwa na shamba la kupaliliwa.

Msomaji wa Tukuyu na aweke habari hizo kando ya habari za kwao. Wilaya ya Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake ulitoka katika moto wa volkano. Haikuwa maskini kama Arkadia ya Polybius. Lakini watu waliongezeka, ng'ombe walihitajiwa kwa mahari, kodi ilidaiwa kwa fedha, na vijana wakaondoka. Walikwenda Lupa kuchimba dhahabu, walivuka mpaka wakaenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine walifika mpaka migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini. P. H. Gulliver, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya Tanganyika, aliandika juu ya uhamaji huo wa Wanyakyusa na juu ya uhaba wa ardhi katika miaka ya 1957 na 1958. Ikiwa Thomson alipatia, alipatia asipojua: Rungwe ilifanana na Arkadia ya Xenophon, ile iliyopeleka wana wake ugenini, na siyo ile ya Virgil.

Hata huyo Virgil amedhulumiwa na waliomkopa. Shairi la kwanza katika mkusanyo wake wa wachungaji lafunguka kwa mtu anayefukuzwa katika ardhi yake. Baada ya vita vya Filipi, mwaka 42 kabla ya Kristo, mashamba ya wakulima wa Italia yalinyang'anywa wakapewa askari waliomaliza utumishi, na nchi ya Mantua iliguswa na msiba huo. Wasafiri wa karne ya 19 walichukua kivuli cha mti wakamwacha mkulima njiani na mbuzi wake. Ni jambo la kuajabisha kidogo kwamba katika Rungwe yenyewe baadaye watu waliona ardhi ikikatwa kuwa mashamba ya wageni, na hakuna mgeni aliyekumbuka kwamba hilo ndilo lililokuwa shairi la kwanza la Arkadia.

Dhara la jina ni hilo. Nchi ikiitwa Arkadia hunyang'anywa tarehe. Katika Arkadia ya kubuni hapatokei kitu: jua huchwa, ng'ombe hurudi zizini, na kesho ni kama jana. Lakini mwaka 1887, miaka minane tu baada ya Thomson kupita, Mlozi na wafanya biashara wenzake waliwashambulia Wangonde huko Karonga, na wakimbizi wakavuka mto Songwe kuja kwa ndugu zao Wanyakyusa. Mwaka 1891 Wamoravian walijenga misheni chini ya mlima Rungwe. Muda si mrefu Wajerumani wakaweka makao ya utawala mahali walipopaita Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Nchi iliyokuwa na mambo hayo yote ndani ya kizazi kimoja haikuwa picha ya ukutani.

Jina la pili ambalo Rungwe ilivishwa ni zito zaidi, maana halikuletwa na msafiri bali na maktaba. Mwaka 1890 James Frazer wa Cambridge alitoa chapa ya kwanza ya The Golden Bough. Kitabu kilianza kando ya ziwa Nemi, karibu na Roma, ziwa dogo lililo ndani ya kreta ya volkano kama yalivyo maziwa ya Ngosi na Masoko. Hapo palikuwa na msitu wa mungu mke Diana, na kuhani aliyeitwa mfalme wa msitu. Kuhani huyo alikuwa mtumwa mtoro aliyekipata cheo kwa kumwua aliyemtangulia, naye alikishika mpaka atakapouawa na mwingine. Strabo asema kwamba alitembea na upanga wazi akiangaza huku na huku. Suetonius asimulia kwamba mfalme Caligula, alipoona kuhani wa zamani zake amekaa mno, alimtafutia mtu mwenye nguvu zaidi wa kumshambulia. Kutoka kwa kuhani huyo mmoja Frazer alijenga nadharia ya dunia nzima: kwamba watu wa kale waliamini uhai wa nchi umo mwilini mwa mfalme, kwa hiyo hawakumwacha azeeke. Katika chapa ya tatu kitabu kilifika mijalada 12. Frazer hakuja Afrika hata siku moja. Aliandika barua za maswali, na wamisionari, kama John Roscoe huko Buganda, wakamjibu.

Sasa Godfrey Wilson akafika Rungwe mwaka 1934, na mkewe Monica akamfuata mwaka uliofuata. Walikaa, kwa vipindi, mpaka mwaka 1938. (Baba yake Godfrey ni John Dover Wilson, mhariri mashuhuri wa tamthilia za Shakespeare, ile ya Julius Caesar ikiwamo.) Katika Selya, mahali paitwapo Lubaga, walisimuliwa habari za Lwembe, ambaye wahenga wake walitoka Ukinga ng'ambo ya milima. Wazee walisema kwamba mvua na rutuba zilikuwa mikononi mwa Lwembe, na kwa hiyo hakuachwa afe kwa ugonjwa. Alipozidiwa, wakuu walimziba pumzi. Nywele na kucha zake zilichukuliwa kabla hajakata roho zikafukiwa katika tope, ili rutuba isiondoke naye. Cheo hicho kiliogopwa, na aliyetakiwa kukishika aliweza kukikimbia.

Mtu aliyekwisha kumsoma Frazer hawezi kuisikia habari hiyo asione Nemi. Hapo ndipo wengi waliposimama, na wengi wangali wamesimama hapo hapo: Lubaga imekuwa mfano wa Nemi, tanbihi katika kitabu kilichoanza Italia. Mwanafunzi hufundishwa kwamba babu zake walikuwa wakifanya, katika karne ya 19, mambo ambayo Warumi waliyaacha zamani. Kwa kufananisha hivyo mwalimu amemweka mzee wa Selya nyuma ya Cicero kwa miaka elfu mbili, wala hakutaja tarehe moja.

Monica Wilson mwenyewe hakusimama hapo, na haki yake asinyimwe. Mwaka 1959 alitoa mhadhara uliopewa jina la Frazer, ukachapishwa Cambridge mwaka huo huo. Katika anwani yake aliweka mambo mawili, si moja: wafalme wa kimungu, na pumzi za watu. Hizo pumzi ndizo Wanyakyusa waziitazo embepo sya bandu. Maana yake ni kwamba mtu akivunja desturi, akawa mchoyo, akawanyima jirani zake nyama ya karamu iliyowapasa, watu hunung'unika, na manung'uniko yao humwangukia kama baridi; huugua, hupooza, hutetemeka. Waliokuwa wakilinda uwezo huo ni amafumu, wakuu wa vijiji, ambao hawakutoka katika ukoo wa kitawala bali miongoni mwa watu wa kawaida. Tena mtawala mwenyewe hakusalimika na baridi hiyo. Mfalme alikuwa na ng'ombe na damu ya kifalme, nao walikuwa na pumzi.

Mtu aliyeambiwa habari hiyo, kisha akatafuta mfano wake katika dunia ya kale, angeweza kwenda mahali pengi. Angeweza kwenda Athene, ambako raia walikusanyika wakaandika juu ya vigae jina la mkubwa waliyemwogopa, na kura zilipotimia 6,000 mtu huyo alihama nchi kwa miaka 10, awe shujaa wa vita au asiwe. Wafananishaji hawakwenda huko. Walipotafuta sura ya Rungwe katika Uyunani na Roma walichagua malisho na msitu, kondoo na kafara. Baraza waliliachia Ulaya. Uchaguzi huo haukutokana na ushahidi, kwa kuwa ushahidi wa pumzi za watu ulikuwa katika madaftari yale yale yaliyokuwa na ushahidi wa Lwembe. Mengi ya madaftari hayo yaliandikwa kwa msaada wa Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani, ambaye wasomaji wa nje walianza kumjua vizuri baada ya mwaka 2013, kilipotoka kitabu kizima juu ya Monica Wilson na wafasiri wake.

Sparta nayo huletwa darasani, kwa sababu ya vijiji vya rika. Mvulana wa Kinyakyusa, akifika umri wa miaka kumi hivi, alitoka nyumbani kwa baba yake akajenga pamoja na wenzake pembeni, na kijiji hicho kikakua nao mpaka wakaoa na kuzeeka humo. Mvulana wa Sparta alitolewa nyumbani akiwa na miaka saba. Kufanana kwenyewe kumeishia hapo. Sparta iliwaondoa watoto ili kuwafanya askari wa kuwakandamiza maheloti, watumwa wa nchi waliowazidi kwa wingi, na kila mwaka wakubwa wake walitangaza vita juu yao ili kuwaua kusiwe dhambi. Wanyakyusa waliwaondoa watoto kwa ajili ya ukwangala: kukaa pamoja, kula pamoja, kuzungumza kwa adabu na watu wa umri wako. Kundi zima la wavulana lilikwenda kula kwa mama wa mmoja, kesho kwa mama wa mwingine. Kuwalinganisha hao na Sparta ni kuona milango miwili inafanana, usiulize nyumbani mna nini.

Baada ya hayo yote wako wasemao: basi, Wayunani na Warumi watupwe. Ni wazee wa watu wengine, wametumiwa kutuaibisha, Chuo Kikuu cha Mwafrika hakina haja nao. Neno hilo lina hasira ya haki ndani yake, lakini si neno la mtu anayejua nchi yake. Tangu Wamoravian walipofika mwaka 1891, Biblia imesomwa Rungwe, na Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani. Bibi kizee wa misheni asiyejua kusoma aweza kutaja Korintho, Thesalonike, Efeso na Filipi bila kukosea. Na Filipi hiyo ndiyo iliyotoa askari waliopewa mashamba ya kina Virgil, ndiyo pia inayomaliza tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliifasiri ikatoka mwaka 1963, akairekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. S. S. Mushi naye alimleta Sophocles kwa Kiswahili mwaka 1971 katika Mfalme Edipode. Mambo haya yamekwisha kuingia ndani ya nyumba. Lililobaki ni kuamua kama yatasomwa na wenyeji au yataachiwa wageni wayafasirie.

Kundi la pili ni baya zaidi, nalo ni lile linalopiga magoti. Mfano wake mkubwa uko ng'ambo ya Songwe. Kamuzu Banda wa Malawi alishikilia kwamba mtu asiyejua Kilatini na Kiyunani hakuelimika, akafungua mwaka 1981 shule ya fahari huko Kasungu, Kamuzu Academy, ambamo lugha hizo zilikuwa lazima, na katika zama zake walimu wote walikuwa wazungu. Kusoma Kilatini si kosa. Kosa ni kumfundisha mtoto wa Malawi kwamba Virgil ana mlinzi wa mlango, na mlinzi huyo hawezi kuwa mtu wa rangi yake. Polybius mwenyewe alikuwa mateka wa Warumi, Myunani aliyepelekwa Italia mwaka 167 kabla ya Kristo pamoja na wengine 1,000 kama dhamana, akakaa huko miaka 17. Aliandika juu ya watu waliomshinda, kwa lugha yake mwenyewe, akitaka kujua kwa nini walishinda. Kama yuko Myunani mmoja wa kusomwa na watu waliotawaliwa ni huyo, naye mwanafunzi wa Tanzania humsoma kwa Kiingereza.

Makundi yote mawili yamekubaliana katika jambo moja: kwamba swali hutoka Ulaya kuja Rungwe. La kwanza lakataa kujibu, la pili lajibu kwa unyenyekevu. Hakuna anayeligeuza. Lakini linageuzika, na likigeuzwa hutoa matunda. Frazer aliitumia Nemi kuieleza Afrika. Mtu aliyelelewa Selya aweza kuitumia Lubaga kuiuliza Nemi. Aweza kuuliza: katika habari zote za kuhani yule wa upanga, watu wa kijiji walikuwa wapi? Nani alimlisha? Nani alikuwa na haki ya kusema kwamba sasa yatosha? Strabo na Suetonius hawasemi, wala Frazer hakuwauliza, kwa sababu hakujua kwamba ni swali.

Au na asome Livy, kitabu cha pili, habari za mwaka 494 kabla ya Kristo. Makabwela wa Roma walikuwa wamelemewa na madeni. Waliopigana vita kwa ajili ya mji walirudi wakafungwa minyororo na wadai wao. Hawakuchukua silaha dhidi ya mabwana. Walitoka mjini wakaenda kukaa juu ya Mlima Mtakatifu, kama maili tatu kutoka Roma, wakatulia huko bila kumdhuru mtu. Mabwana waliingiwa na hofu. Wakamtuma Menenius Agrippa akawasimulie hadithi ya viungo vilivyogoma kulilisha tumbo, nayo hadithi hiyo imesifiwa shuleni kwa karne nyingi kana kwamba ndiyo iliyowarudisha. Haikuwarudisha peke yake. Makabwela walirudi baada ya kupewa wakuu wao wenyewe, waliotoka miongoni mwao, ambao hakuna mtu wa ukoo wa kibwana aliyeruhusiwa kukishika cheo chao. Na ikakatazwa kuwagusa, hata mtu aliyewadhuru akahesabiwa kuwa amelaaniwa.

Wanahistoria wa Ulaya wamebishana sana juu ya laana hiyo. Wamejiuliza ni nguvu gani ambayo watu wasio na ardhi, wasio na ukoo na wasiochukua panga wangeweza kuwatisha nayo wenye vitu hivyo vyote. Katika Rungwe, mtu aliyechukizwa na mtawala wake aliweza kufunga mizigo akahamia kijiji kingine, na mtawala aliyehamwa na watu hakuwa mtawala tena. Na kabla hawajahama walinung'unika usiku, na baridi ikaingia nyumba kubwa. Mwanafunzi wa Tukuyu akipewa ukurasa ule wa Livy hatahitaji kuelezwa mabwana wa Roma waliogopa nini. Atahitaji tu apewe ukurasa wenyewe, kwa lugha anayoiota, na mwalimu asiyemkatiza kwa kumwambia habari za Nemi.